Mtu wa Lami na Baiskeli ya Mlima

Kinyozi alikuwa na baiskeli ya mbio, ile yenye tairi nyembamba na usukani uliopinda chini. Kila Jumapili asubuhi aliifuta vumbi kwa kitambaa laini, akavaa kofia ngumu, akaondoka. Alizunguka barabara zote za lami, kisha akarudi saa za chakula, jasho likimtiririka na uso umejaa furaha.

Mke wake alikuwa fundi cherehani. Alishonea pale pale sebuleni, karibu na dirisha. Hakuacha kumtania.

"Ungeweza kuilaza hiyo baiskeli kitandani, ungeilaza," alisema.

"Nilishaiomba," Kinyozi alijibu. "Imekataa. Inasema wewe unakoroma."

Rafiki zake walimwita Mtu wa Lami, na jina hilo lilimkaa vizuri. Barabarani alikuwa hodari kweli. Alijua kulala mbele juu ya usukani ili upepo usimzuie. Alijua kubana breki kwa nguvu na kusimama pale anapotaka. Alijua tairi iliyojaa sawasawa kwa kuibonyeza na kidole gumba tu. Mambo haya alijifunza kwa miaka mingi. Kwenye lami yalimfaa.

Mama yake aliishi juu ya kilima, nyuma ya mji, pamoja na Dada Mkubwa wa Kinyozi. Zamani gari la abiria lilifika mpaka karibu na nyumba yao. Kisha mvua kubwa ziliikata barabara, na hakuna aliyekuja kuitengeneza. Zilibaki changarawe, mashimo na mawe. Madereva wakakataa kupanda.

Wakati huohuo mama alianza kusahau.

Mwanzoni alisahau vitu vidogo. Alitia chumvi kwenye chai, watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Baadaye alisahau jina la jirani wa mlango wa pili. Siku moja alimwita Dada Mkubwa kwa jina la shangazi aliyekwisha kufariki. Hapo hakuna aliyecheka.

Daktari aliwaambia ukweli bila kuzunguka. Ugonjwa huu hauna dawa ya kumrudishia yale aliyoyasahau. "Lakini msimwache peke yake," alisema. "Aone watu anaowapenda mara kwa mara. Hilo litamtuliza."

Walijaribu kumleta mjini. Mama alilia, akazunguka chumbani akitafuta mlango wa nyumba yake. Wakamrudisha kilimani kwake.

Basi Kinyozi akaacha safari zake za Jumapili. Badala yake, kila Jumapili alipanda kilima kwa miguu. Kwenda na kurudi kulimaliza siku nzima. Jioni moja alirudi, akaketi karibu na cherehani.

"Mama hajambo?" mke wake aliuliza.

"Hajambo. Ila leo alinitazama kwanza. Alinitazama muda mrefu, ndipo akaniita jina."

Mke wake aliondoa mguu kwenye cherehani. Mashine ikasimama.

"Nataka niende kila siku nikishafunga duka," Kinyozi alisema. "Nataka aniite jina langu wakati bado analikumbuka. Jumapili kwa Jumapili nitachelewa."

Alikwisha kujaribu baiskeli yake ya mbio. Tairi zote mbili zilipasuka kabla hajafika nusu ya njia, akaibeba begani mpaka nyumbani. Pikipiki ya kukodi kila siku ilikuwa juu ya uwezo wao. Kilichobaki ni baiskeli ya mlima, yenye tairi nene na springi mbele.

Madukani ziliuzwa bei kali. Kinyozi akachukua simu, akatafuta kwenye mtandao. Huko aliziona nyingi, na za bei nafuu. Moja ilikuwa nyekundu, inang'aa. Alivutiwa nayo papo hapo.

Mke wake alichungulia kwenye simu. "Hapa chini wameandika namna ya kujipima," alisema. "Upime mguu wako, halafu uchague saizi."

"Mimi nijipime nini? Saizi yangu naijua. Baiskeli yangu ni saizi kubwa, basi na hii iwe kubwa."

"Lakini hii si baiskeli ya aina ile."

"Baiskeli ni baiskeli, mke wangu."

"Na wakikuletea isiyokufaa, wanakubali kubadilisha?"

Kinyozi alikwisha kubonyeza kidude cha kulipia. Alikuwa na haraka, na sisi tunajua haraka hiyo ilitoka wapi. Haikuwa tamaa ya baiskeli nyekundu. Alimwogopea mama yake.

Baada ya siku chache boksi kubwa likafika. Lililetwa na jirani yao, mwanamke mwenye kazi ya kupeleka mizigo ya watu nyumba kwa nyumba. Mtaani walimwita Mama Vifurushi. Yeye mwenyewe aliendesha baiskeli ya mlima, kuukuu, yenye tope mpaka kwenye tandiko. Vitongoji vyote vya kilimani alivijua.

"Shemeji, umenunua baiskeli?" aliuliza huku akilishusha boksi. "Hongera. Lakini sikiliza, hizi zinakuja vipandevipande. Ukimaliza kuifunga, mpelekee fundi aikague. Na upepo usijaze sana. Kule juu mimi huwa napunguza."

Kinyozi akacheka. "Shemeji, mimi nilianza kuendesha baiskeli wewe bado unatambaa."

"Mnalingana umri!" mke wake alidakia kutoka ndani.

Wote watatu wakacheka, na yale maneno yakapita hivihivi.

Kinyozi aliifunga baiskeli mwenyewe uani. Alikaza usukani, akakaza pedali, akatia tandiko. Kisha akaleta pampu yake ndefu, ile ya baiskeli ya mbio. Akajaza upepo. Akabonyeza tairi kwa kidole gumba, ikabonyea kidogo. Akajaza tena. Alipobonyeza mara ya mwisho, kidole hakikuzama hata chembe.

"Hapo sasa," alisema.

Alipoipanda, aliona fremu ni ndefu. Vidole vya miguu tu ndivyo vilivyogusa chini. Ilimbidi alale mbele sana ili aufikie usukani. Mtu mwingine angesema baiskeli hii si yangu. Yeye alifurahi, kwa sababu ndivyo alivyozoea kukaa kwenye lami.

Kesho yake alifunga duka mapema, akapanda kilima. Gurudumu la nyuma liliteleza mara kwa mara kwenye changarawe. Alidhani ni miguu yake, bado haijaizoea njia. Alijikaza kisabuni mpaka akafika.

Mama alikuwa ameketi nje ya nyumba, amejifunika shali. Alimtazama mgeni akishuka kwenye baiskeli. Mara uso wake ukafunguka. Akamwita kwa jina lake la utotoni, lile ambalo hakuna mtu mwingine aliyelitumia.

Kinyozi alipiga magoti, akamshika mikono. Walikaa hivyo. Mama alimuuliza kama amekula. Alimuuliza habari za mkewe. Alimwambia nywele zake zimekuwa ndefu, akasema ni aibu kwa kinyozi. Dada Mkubwa alisimama mlangoni akitabasamu.

"Kesho utakuja?" mama aliuliza.

"Nitakuja kesho, mama. Na keshokutwa. Sasa nina baiskeli."

"Alhamdulillahi," mama alisema, akamwachia mikono.

Kinyozi alianza kushuka jua likiwa bado halijazama. Moyo wake ulikuwa mwepesi. Mteremko ulianza taratibu, kisha ukawa mkali. Mawe madogo yalitapakaa njia nzima. Zile tairi ngumu hazikuyashika mawe. Zilirukaruka juu yake. Usukani ukaanza kumtetemeka mikononi.

Akafanya kile alichofanya siku zote kwenye lami. Alilala mbele, akaibana breki ya mbele kwa nguvu zote.

Gurudumu la mbele likasimama. Yeye hakusimama. Alirushwa juu ya usukani, akaangukia bega, kisha goti, kisha kichwa. Kofia ngumu ilipasuka vipande viwili. Kichwa kilibaki salama.

Watu waliokuwa wakilima karibu walisikia kishindo, wakaja mbio. Dada Mkubwa naye alikuja, kanga mkononi. Mama alibaki pale nje, akiuliza kelele ni za nini.

Hospitali walimwambia mfupa wa mtulinga umevunjika, ule ulio kati ya shingo na bega. Goti nalo lilikuwa limeumia vibaya. Walimfunga mkono kifuani. Daktari alimkataza kutembea njia ndefu, na pikipiki ya njia mbovu ndiyo kabisa, mpaka mfupa uunge.

"Mpaka lini?" Kinyozi aliuliza.

"Wiki nyingi," daktari alisema. "Mfupa hauna haraka yako."

Sasa alikaa nyumbani, karibu na dirisha, akisikiliza cherehani. Dada Mkubwa alimpigia simu kila jioni.

"Anakuuliza," alisema siku za mwanzo. "Anasema, mbona haji? Alisema kesho."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia, 'Mwanao alianguka mteremkoni alipotoka kwako.' Nikamwambia anapona. Alilia. Baadaye akauliza tena mbona haji."

Walijaribu kumpa mama simu. Kinyozi alisema, "Mama, ni mimi." Mama alisikia sauti bila kumwona mtu, akaogopa. Aliirudisha simu kwa Dada Mkubwa. Wakaacha kumpa.

Jumapili zilipofika, mke wa Kinyozi alipanda kilima kwa miguu badala ya mumewe. Alichukua chakula na kumfulia mama shuka. Aliporudi alisimulia mambo mazuri tu. Kinyozi alimtazama usoni na kujua kwamba mengine ameyaacha njiani.

Kisha jioni moja Dada Mkubwa alipiga simu.

"Leo hakukuuliza," alisema.

"Labda alichoka."

"Labda."

Siku iliyofuata mama hakumuuliza. Hata iliyofuata. Kinyozi aliiweka simu juu ya meza, akajifunika uso kwa mkono wake mmoja mzima, akalia. Alilia kwa sauti, mtu mzima yule, na wala hakuona haya. Mke wake aliacha kushona. Alikuja akaketi karibu naye, hakumwambia anyamaze.

Mama Vifurushi alikuja kumjulia hali mgonjwa. Alileta machungwa. Waliongea habari za mtaa. Kisha Kinyozi akauliza.

"Shemeji, nilikosea wapi? Niambie. Usinionee haya."

Mama Vifurushi alimtazama mke wa Kinyozi. Mke akaitikia kwa kichwa. Wakatoka wote uani. Baiskeli nyekundu ilikuwa imeegemezwa ukutani, usukani umepinda. Hakuna aliyekuwa ameigusa tangu iletwe kutoka mteremkoni.

Mama Vifurushi aliinama, akabonyeza tairi.

"Mpaka leo ni ngumu," alisema. "Uliijaza kama ya mbio."

"Tairi laini ni uzito. Inakurudisha nyuma."

"Kwenye lami ni kweli. Kwenye mawe tairi inatakiwa ibonyee kidogo, ilikumbatie jiwe. Ikiwa ngumu hivi inaruka tu, haishiki kitu. Soma hapa ubavuni. Wameandika upepo usizidi kiasi gani, wewe ulipita. Wala usiitoe upepo wote, maana ringi itagonga mawe. Anza na upepo wa kiasi, jaribu njia, ongeza au punguza."

Kinyozi aliinama kwa shida, akayasoma maandishi. Yalikuwepo tangu siku ya kwanza.

"Haya, isimamie. Pole pole. Bomba hili la juu lipite kati ya miguu yako."

Mke wake alimshika. Bomba lilimgusa kabisa, na visigino vyake vikainuka.

"Unaona? Njia mbaya inataka miguu yote miwili ikanyage chini, na nafasi ibaki. Saizi ya baiskeli ya mbio si saizi ya hii. Hii ni ndefu kwako. Ndiyo maana ulilala mbele. Kwenye mteremko ukilala mbele uzito wote unakwenda kwenye gurudumu la mbele. Ukibana breki ya mbele, unajua mwenyewe."

"Nibane ipi?"

"Zote mbili, kidogo kidogo, huku umerudisha makalio nyuma. Halafu nenda taratibu. Na hizi za bei nafuu hazina ubaya wowote, mimi mwenyewe nilianza nayo. Lakini breki zake lazima fundi azirekebishe, na nati zikazwe tena baada ya safari za kwanza, maana hulegea. Usirukeruke nayo. Hela ya fundi itenge siku ileile unayotenga ya baiskeli."

Kinyozi aliketi kwenye ngazi ya mlango.

"Upepo tu," alisema. "Upepo na urefu. Kwa mambo haya tu, mama yangu..."

Mama Vifurushi alikaa karibu naye.

"Shemeji, hukukosa ujuzi. Ulikuwa nao, ila ni wa mahali pengine."

Maneno hayo hayakumponya, lakini yalimpunguzia hasira aliyokuwa nayo juu yake mwenyewe. Tangu siku hiyo alianza kuuliza.

Muuzaji wa mtandaoni alikataa kuirudisha baiskeli kwa sababu ilikwisha kuanguka. Mtaani kwao kulikuwa na seremala mmoja mrefu, mtu wa kuinama kila mlango. Kinyozi alimweleza yote, hata jinsi alivyoanguka, hakumficha kitu. Fundi akainyoosha, seremala akainunua. Yeye ilimtosha.

Safari hii Kinyozi alijipima. Alisimama ameegemea ukuta bila viatu. Mke wake aliweka kitabu kati ya miguu yake, akakipandisha mpaka kikakaza, akatia alama ukutani.

"Taratibu, nina mkono mmoja," Kinyozi alilalamika.

"Simama wima. Nimepima suruali za watu maisha yangu yote, na mume wangu ndiye wa kwanza kukataa futi."

Walisoma maelezo yote pamoja, mpaka chini. Walimuuliza muuzaji: nikiona saizi si yangu, mtabadilisha? Alipojibu kwa maandishi kwamba atabadilisha, ndipo wakalipa. Baiskeli ilikuja, ndogo kuliko ile, wala haikuwa na rangi ya kuvutia. Fundi aliikagua breki na kukaza nati. Walinunua na kofia ngumu mpya.

Mfupa ulipounga na daktari kumruhusu, Mama Vifurushi alimfundisha kwenye uwanja wa changarawe. Mtu wa Lami alijifunza kushuka kilima kidogo, makalio nyuma, vidole viwili kwenye kila breki. Watoto walimcheka. Aliwaacha wacheke.

Siku alipopanda kilima, magurudumu hayakuteleza. Njia ilikuwa ileile. Alipita mahali alipoangukia, akashuka akasukuma kidogo, si kwa hofu, bali alitaka kupumua. Kisha akaendelea.

Mama alikuwa ameketi nje.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," mama alisema kwa upole. Alimtazama muda mrefu. Kinyozi alisubiri. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Dada Mkubwa aligeuza uso, akaingia ndani.

"Wa hapa hapa," Kinyozi alijibu. "Nimekuja kukusalimu."

"Umefanya vizuri. Kaa."

Akakaa. Kesho yake alikuja tena, na keshokutwa, na kila siku baada ya kufunga duka. Mama hakumwita tena kwa jina, wala lile la utotoni. Hata hivyo Dada Mkubwa aliona mabadiliko. Jioni mama hakuzunguka tena nyumba akilia. Alikula vizuri zaidi yule mgeni wake akiwepo. Alimwachia amkate kucha na kumpunguza nywele. Kinyozi naye alishuka kila siku salama, akamkuta mke wake anamsubiri dirishani.

Jioni moja alipokuwa akijiandaa kuondoka, mama alimshika mkono. Akamvuta karibu, kama mtu mwenye jambo la siri.

"Ushuke pole pole," alisema. "Kuna kijana alianguka pale mteremkoni. Alikuwa ametoka kumwona mama yake."

Kinyozi akachutama karibu naye.

"Nilimlilia sana mama yake," mama alisema. "Nikasema, masikini, anamngoja mwanawe. Sijui kama alipona."

"Alipona, mama."

"Anaendaga kwa mama yake?"

"Kila siku."

Mama akautazama ule mkono alioushika, akaupapasa, kisha akauachia.

"Afadhali," alisema. "Basi nenda na wewe, mwanangu. Mama yako asikungoje."